Taa ya Mlangoni Inamlisha Nani?

Kila nyumba yenye umeme kati ya Masasi na Newala siku hizi ina mjusi kafiri wake. Ikishagonga saa moja na nusu usiku na taa ya barazani ikawaka, anatoka nyuma ya boriti, anajibandika ukutani hatua chache kutoka kwenye balbu, kichwa chini, anangoja. Nondo anazunguka mara mbili tatu, anajigonga ukutani, anateleza, na kabla hajajikusanya ameshakuwa kitoweo. Wanaoanguka sakafuni wana wenyewe: chura wawili waliokaa kitako pembeni mwa ndoo. Nje, kwenye nguzo ya taa ya barabarani, popo wadogo wanaolala madarini wanakata kona kwa kasi huku wakijizolea wadudu.

Ukiwauliza watu wanaonaje, jibu ni moja, kuanzia stendi ya Masasi mpaka ukingoni pa Shimo la Mungu kule Newala: wanyama wameshazoea taa, mbona sisi tumezoea? Hapo ndipo mimi ninapogoma. Hao tunaowaona chini ya taa ndio waliomudu. Wasiomudu hatuwaoni, na kwa kuwa hatuwaoni, hatuwahesabu. Kwa maoni yangu taa zetu, hasa hizi nyeupe kali zinazomulika mpaka mawinguni, zinawanenepesha wachache na kuwafukuza wengi, na miongoni mwa wanaofukuzwa wamo wanaotufanyia kazi bila kudai ujira. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mjusi wa barazani hawezi kuwa shahidi wa usiku mzima.

Nisieleweke vibaya. Mtu aliyesoma kwa koroboi, akaamka asubuhi pua imejaa masizi, hawezi kuukataa umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na leo karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na nguzo. Palipokosa waya pana sola. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoitumia neema hii: tunanunua balbu kubwa kuliko haja, tunaielekeza popote, kisha tunaiacha iwake mpaka asubuhi.

Penye mwanga ndiko juu

Kwanza tuulizane, kwa nini mdudu aifuate taa hata imuue? Wazee walisema anaipenda. Vitabu vya shule vilisema anadhani ni mwezi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 jarida la Nature Communications lilichapisha kazi ya watafiti wa Uingereza na Marekani waliowapiga wadudu picha kwa kamera za kasi, maabarani na porini kule Costa Rica. Walichokiona kinashangaza kwa wepesi wake: mdudu haifuati taa, anaigeuzia mgongo. Kwa mamilioni ya miaka usiku ulikuwa na kanuni moja, kwamba penye mwanga ndiko juu, kwa sababu anga daima ni nyeupe kuliko ardhi. Mdudu anayeruka hujisawazisha kwa kuuelekeza mgongo wake kwenye mwanga. Leo mwanga uko ubavuni, kwenye nguzo. Anainamisha mgongo, njia inapinda, anainamisha tena, anabaki kuizunguka mpaka achoke. Akipita juu ya taa, anapinduka chali na kuanguka.

Nasi tumekuwa tukiwanasa viumbe kwa mwanga tangu zamani. Mvua za kwanza zikinyesha huku kwetu, Novemba au Desemba, kumbikumbi hutoka vichuguuni, na hakuna mtoto asiyejua kuweka beseni la maji chini ya taa. Kule Bukoba na Masaka senene hunaswa kwa balbu kali na mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa. Dagaa tunaowanunua kwa kopo soko la Masasi wamevuliwa kwa karabai au taa za sola, na mvuvi hajisumbui kutoka siku za mbalamwezi pevu, maana taa yake haina nguvu mbele ya mwezi. Zote hizo ni taa za shughuli. Huwashwa kwa msimu au kwa saa kadhaa, mtu akipata riziki yake anazima. Taa ya nguzo haina msimu. Kila kumbikumbi anayeangukia chini yake ni mfalme au malkia ambaye hakupata kuanzisha kichuguu, na mara nyingi hakuna hata anayemla.

Waliofukuzwa

Nyuma ya nyumba nyingi za Newala pana mipapai miwili mitatu. Mpapai jike hauzai mpaka uletewe chavua kutoka kwa dume, na wanaofanya kazi hiyo ni nondo wakubwa wenye kasi, wanaotoka wakati wa magharibi jua likishazama na kunyonya maua huku wakielea hewani. Hili si la kubahatisha. Dino Martins na Steven Johnson walilichunguza Kenya na kuchapisha mwaka 2009: mipapai inawategemea nondo hao, na kadiri shamba linavyokuwa mbali na msitu wa asili ndivyo huduma yao inavyopungua. Sasa fikiria mama aliyefunga taa ya ulinzi nyuma ya nyumba, ikimulika mipapai usiku kucha. Mwaka wa pili anauliza kwa nini maua yanapukutika bila kushika. Sisemi kila papai lililokosekana ni kosa la balbu. Ukame upo, magonjwa yapo. Lakini Uswisi, Eva Knop na wenzake walipozimulika mbuga usiku, ziara za wadudu wa usiku kwenye maua zilipungua kwa asilimia 62, na mmea waliouchunguza kwa karibu ukapunguza kuzaa kwa asilimia 13 ingawa nyuki wa mchana walikuwepo. Nyuki hawakuweza kuziba pengo.

Mbuyu nao hufungua ua lake jioni na ua hilo huishi usiku mmoja tu. Mgeni wake mkuu ni popo wala matunda. Popo hawa si wale wadogo wa kwenye nguzo. Wao, pamoja na popo wa mapangoni wenye mabawa mapana wanaoruka polepole kati ya matawi, hukwepa mwanga, kwa kuwa mwanga ni mahali pa kuonwa na bundi. Masasi ni mji uliozungukwa na milima ya mawe yenye nyufa na mapango. Taa inayomulika uso wa jiwe kwa ajili ya urembo inawafungia popo wa humo mlango. Wanachelewa kutoka, na saa za magharibi, ambazo wadudu ni wengi kuliko saa zote, zinawapita.

Mkorosho, nakiri, haumo katika kesi hii. Maua yake hutembelewa mchana na nyuki, nzi na vipepeo, kwa hiyo sitamtisha mkulima kwamba taa za barabarani zitamlia korosho zake. Mwandishi anayetia chumvi kwenye jambo la kweli hulifanya lionekane la uongo.

Panya ni habari nyingine. Huku kwetu panya wa shamba ana heshima yake, ndiyo maana akaitwa samaki nchanga, na watega mitego wanajua usiku wa mbalamwezi kali mavuno ni haba. Watafiti wa panya sehemu nyingi duniani wamekuta hivyohivyo: mwanga ukizidi, panya hupunguza kutembea peupe na kubana vichakani, akihofia kuonwa. Kwa hiyo mtu aliyefunga taa kubwa nje ya ghala akidhani amewakomesha panya ajiulize wamekwenda wapi. Panya aliyefukuzwa peupe huingia kivulini, na kivuli kikubwa kuliko vyote pale ni kile kilicho ndani, chini ya chaga, kati ya gunia na gunia.

Na kimulimuli? Yeye huzungumza kwa mwanga. Dume hupita akiwaka na kuzima, jike hujibu kutoka majanini, na hivyo ndivyo ndoa inavyofungwa. Penye taa nyeupe, ujumbe wake hausomeki. Hana njia nyingine ya kuposa.

Hofu ya giza ina sababu

Najua kuna msomaji ameshakasirika. Anasema: huyu anawatetea popo na nondo, hajui giza lilivyotutesa? Nalijua. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha hesabu ya kutisha: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi zaidi ya 308, na ukanda huu wa kusini, Lindi ikiwa mbele, ulikuwa umeumia sana. Wengi walishambuliwa msimu wa mavuno, wamelala kwenye dungu shambani wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Nguruwe alifuata mahindi, simba akamfuata nguruwe, akamkuta mtu.

Kazi iliyofuata mwaka 2011 inahusu moja kwa moja tunayoyazungumza. Packer na wenzake walilinganisha mashambulizi na siku za mwezi. Usiku wa mwezi mpevu simba hupata shida kuwinda, kwa kuwa windo linamwona. Siku zinazofuata, mwezi unapochelewa kuchomoza, simba ana njaa na saa za mwanzo za usiku ni giza totoro, wakati ambao watu bado wako nje wakipika na kuchota maji. Hapo ndipo mashambulizi yalipopanda. Bibi zetu waliokuwa wakiwaita watoto ndani mapema walikuwa na akili timamu.

Kwa hiyo taa mlangoni ni ulinzi, sikatai. Lakini hata simba hujifunza taa. Richard Turere, mtoto wa Kimaasai aliyekuwa akilinda ng'ombe wa baba yake pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aliisimulia dunia mwaka 2013 jinsi alivyoanza na moto, akaona unamsaidia simba kuona ndani ya zizi. Akaweka sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliondoka, usiku wa pili waligundua kuwa sanamu haitikisiki wakaingia kuua. Kilichowashinda ni mwanga unaotembea. Akaunganisha taa za kumetameta kwa betri ya gari na sola, na simba wakakaa mbali. Mnyama hujifunza upesi kitu kisichobadilika. Taa isiyozimika usiku kucha ni kitu kisichobadilika. Inayojiwasha ghafla mtu au mnyama akipita ndiyo inayoshtua, na ndiyo inayomwambia mwenye nyumba kwamba nje kuna jambo.

Waliobadilika kweli

Basi hakuna aliyezoea kwa maana ya kubadilika damu? Yupo. Florian Altermatt na Dieter Ebert walikusanya viwavi wa nondo mmoja mdogo mweupe, wengine kutoka eneo la mji wa Basel, Uswisi, lenye taa nyingi, wengine kutoka vijiji vya giza, wakawalea pamoja katika hali moja. Walipokuwa nondo kamili, wale wenye asili ya mjini walipungua kuikimbilia taa kwa asilimia 30. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Asiyejua atashangilia: tazama, wamejifunza! Hawakujifunza. Waliokuwa wakiikimbilia taa walikufa vizazi kwa vizazi, wakabaki wasioikimbilia, ambao huenda ni wazito wa kuruka, na watoto wao. Nondo asiyeruka sana anaokoka taa, lakini pia anatembelea maua machache na kukutana na wenzake mara chache. Amenusurika kwa kuacha kazi yake.

Afrika nako kuna kisa chake. Yule mdudu mweusi anayefingirisha donge la mavi ya ng'ombe kinyumenyume, anayechekesha watoto, huishika njia iliyonyooka usiku kwa kutazama ukanda wa nyota uliokatiza anga. Mwaka 2021 James Foster, Marie Dacke na wenzao walieleza walichokiona walipompeleka juu ya paa la Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Akizungukwa na majengo yenye taa, aliziacha nyota akafuata taa. Tuseme amezoea? Porini kila mdudu huchagua upande wake, wakatawanyika na madonge yao. Mjini wote walielekea upande uleule penye mwanga, na huko ndiko watakakonyang'anyana. Walipozibiwa majengo wakabaki na anga lililofifishwa na mji, walitangatanga.

Nani kati yetu anayeweza kumcheka? Wakulima wetu walipanga kilimo kwa kutazama nyota za kilimia, na msemo wao wa kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua tunao bado. Kilimia chenyewe ni vigumu kukiona ukiwa umesimama katikati ya Masasi chini ya taa za barabara kuu.

Wengine hawakubadilika kabisa. Ndege wengi wa masafa wanaotoka Ulaya na Asia kuja kusini husafiri usiku. Kenya, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, hoteli ya Ngulia iliwasha taa kubwa ili wageni waone wanyama, na tangu mwaka 1969 watafiti wamekuwa wakienda huko kila Novemba na Desemba kuwavalisha ndege pete miguuni, maana usiku wa ukungu usio na mwezi ndege kwa maelfu hupotezwa na taa hizo wakashuka. Sayansi imefaidi, lakini mtego ni mtego. Jirani zaidi na sisi, katika hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kasa hutaga pwani, na kifaranga wa kasa akitoka mchangani hukimbilia penye upeo mweupe. Kwa asili hiyo ni bahari. Taa ikiwaka nyuma yake, anageuka, anaelekea barabarani.

Ndani ya ua

Turudi majumbani. Jogoo ana saa yake mwilini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, walionyesha mwaka 2013 kwamba huwika karibu na alfajiri hata akifungiwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Lakini pia mwanga ukimwangazia anaweza kuwika wakati wowote. Ndiyo maana jogoo anayelala karibu na nguzo ya taa huwika saa 6 usiku, akajibiwa na wa jirani, mtaa mzima ukaamka. Jogoo likiwika lisiwike kutakucha, ni kweli, ila mama anayeondoka na jogoo la kwanza kwenda kwenye foleni ya maji anaamini nini sasa? Wafugaji wa kuku wa mayai nao huwaongezea kuku mwanga mpaka saa 16 kwa siku ili watage. Hiyo ni taa yenye kazi na yenye faida. Ya nguzo inamshughulikia kuku bila kumuuliza mwenyewe.

Maji juu ya uwanda wa Newala ni taabu. Hatuna mto huku juu, na nyumba nyingi za Newala zimechimba visima vya kuvunia maji ya mvua ya paani. Taa ikifungwa juu ya mfuniko usioziba vizuri, asubuhi unachota maji yenye mabawa. Chura waliofuata wadudu barazani nao wana wateja: wapo nyoka ambao chakula chao kikubwa ni chura, na mtoto anayetoka uani peku usiku hatofautishi kivuli na kamba.

Mbu hawako sawa. Maabara ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, iliona mwaka 2017 kwamba Anopheles gambiae, mbu wetu wa malaria, akimulikwa usiku hupunguza kuuma. Wauza balbu watafurahi. Mwaka 2020 maabara hiyohiyo iliona Aedes aegypti, yule wa dengue anayejulikana kwa kuuma mchana, akimulikwa usiku anaongeza kuuma. Dar es Salaam iliijua dengue mwaka 2014 na tena 2019. Na taa ina jingine: inatubakiza nje. Zamani saa 3 watu walikuwa chandaruani, leo saa 5 bao bado linachezwa chini ya nguzo, miguu wazi.

Zinunuliwe zipi

Dunia ya wenzetu imeanza kurekebisha baada ya kuharibu. Kusini mwa Uingereza, Douglas Boyes na wenzake waliripoti mwaka 2021 kwamba kwenye vichaka vilivyomulikwa na taa za barabarani viwavi wa nondo walipungua kwa asilimia 47, na taa nyeupe za kisasa ziliumiza kuliko zile za zamani za manjano. Ufaransa ilitoa amri Desemba 2018: taa za madirisha ya maduka zizimwe saa 7 usiku, na taa za nje zisimulike juu. Sisi bado tunanunua. Kwetu jambo hili ni rahisi, kwa sababu taa ambayo haijafungwa haihitaji kung'olewa.

Newala imekaa ukingoni. Taa moja isiyo na kofia pale juu inaonekana na kila kiumbe bondeni mpaka karibu na Ruvuma, wakati aliyehitaji kuangaziwa ni mtu mmoja anayevuka barabara. Kofia ya bati juu ya taa huurudisha mwanga wote chini, na balbu ndogo ikatosha. Rangi iwe ya manjano badala ya nyeupe yenye ubuluu. Zahanati, kituo cha polisi na stendi ziwake mpaka asubuhi. Mgonjwa na msafiri hawana saa. Mitaa ya kawaida ipunguzwe mwanga baada ya saa 5, na maghala yafungwe taa zinazojiwasha mtu akisogea. Nyumbani ni kazi ya jioni moja: geuza taa itazame mlango badala ya mpapai, isogeze mbali na kisima, zima unapolala.

Halmashauri zetu zinaishi kwa ushuru wa korosho, na taa nyingine za mitaani hutoka humohumo. Msimu wa minada ukiisha na bajeti zikaanza kuandikwa, diwani atasimama kwenye mkutano wa kata kutaja idadi ya taa zitakazofungwa. Mkulima ambaye korosho zake ndizo zilizozaa ushuru huo amuulize mambo matatu kabla hajakaa: zina kofia, zina rangi gani, zinazimwa saa ngapi.